Kijiko Katika Chungu cha Ovide

Ovide Barrilleaux alimzika mkewe Earline mwezi wa Januari, na tangu siku ile ulimi wake haukusikia ladha ya kitu. Alikula, kwa sababu mtu hula, lakini kahawa ilikuwa maji ya moto na chumvi ilikuwa mchanga. Hakulia makaburini, wala hakulia nyumbani. Asubuhi aliingia kinamasini kuinua madema yake ya kunasia kamba, akarudi, akalala. Watu walipomjulia hali alijibu, "Nipo."

Jambo moja tu lilimsumbua, tena kwa mbali, kama jino lililotiwa ganzi. Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia. Kila mwaka siku hiyo, katika ukumbi wa kanisa la kijiji chao, Pierre Part, yeye ndiye aliyepika mchuzi wa kambale, kama baba yake kabla yake. Gumbo, ile supu nzito ya huko, kila nyumba hupika, na gumbo ya kwao haina habari na nyanya. Anayetia nyanya huulizwa kama amehamia New Orleans. Mchuzi wa kambale ni jambo jingine. Huo bila nyanya haupo. Lakini nyanya ina ukali wake, na ukali huo hautoki kwa haraka. Lazima ikaangwe pamoja na unga uliochomwa kwa mafuta, polepole, mpaka wekundu wake uwe rangi ya tofali. Rangi mtu huiona kwa macho. Ukali haujulikani ila kwa ulimi.

Majuma machache kabla, aliwapikia wajukuu zake. Walilamba kidogo, wakatazamana, wakaomba mkate. Habari ikafika kanisani. "Mwaka huu apike Wilbert," watu wakaanza kunong'ona. Wilbert ni jirani yake, na hutia sukari kwenye nyanya ili amalize mapema. Ovide alijua kwamba chungu kile kikishahama mkono hakitarudi, na bila chungu hakuona kitu kingine cha kumtoa nyumbani kwenda kwa watu.

"Nitapika mimi," alisema, na hakuna aliyethubutu kumkatalia mfiwa.

Siku ilipofika, akawasha moto nyuma ya ukumbi, akabandika chungu cha chuma, akaanza kukoroga. Velma, dada wa marehemu Earline, akaja akifuta macho kwa mkono.

"Shemeji, hicho chungu unakikoroga au unakibembeleza?"

"Nenda kakate vitunguu."

"Nimekata mpaka nimelia. Afadhali mimi, machozi ninayo."

Ovide aliendelea kukoroga. Rangi ikafika, mafuta yakapanda juu. Akaonja. Akaonja tena. Ilikuwa kama kulamba ubao. Vipande vya kambale vilikuwa vinangoja kwenye beseni, na samaki wakishaingia, nyanya haikaangiki tena.

Kwa watu wa pale, mtu hatii kijiko katika chungu cha mwenzake. Unaweza kuicheka mashua yake, mbwa wake, hata mkwe wake. Lakini ukifunua chungu chake, urafiki umekwisha. Hata Earline hakuwahi kukigusa kile.

Ovide akamnyooshea Velma mwiko.

"Onja."

Velma akarudi nyuma. "Umelewa, shemeji? Ijumaa Kuu hii?"

"Onja, Velma. Sisikii kitu. Tangu tumzike."

Velma akasogea tena karibu na chungu. Akapokea mwiko, akaonja, uso ukakunjamana. "Bado. Inakamata taya."

Ovide akakoroga tena, akamrudishia mwiko. Hapo ndipo Wilbert alipotokea mlangoni.

"Mama yangu! Velma ndani ya chungu cha Ovide! Jamani, njooni muone, dunia imefika mwisho!"

Watu wakasogea. Ovide hakuinua kichwa. "Nimempa mimi. Ulimi wangu umekufa, Wilbert. Kama mnataka kukichukua chungu, chukueni sasa, nyanya haijaungua."

Wilbert akavua kofia, akaivaa tena. "Nani kataka chungu? Nilikuwa nasema tu, labda kasukari kidogo..."

"Wewe na sukari yako nendeni mkaoane!" Velma akafoka.

Kicheko kikapasuka. Ovide alitambua kuwa ni mzaha mzuri. Hakucheka.

Velma akaonja mara nyingine, akatikisa kichwa. Na baadaye akaonja tena, akafumba macho. "Sasa," alisema. "Tia samaki."

Watu walikula, wakarudi kuongezewa. Wilbert alipangusa sahani yake kwa mkate. Padri akainama mezani kwa Ovide.

"Na mwakani, mzee Ovide?"

Ovide akamtazama shemeji yake, aliyekuwa akigombana na mtu kuhusu wali.

"Velma akiwepo," alijibu, akaendelea kula kile ambacho kwake kilikuwa joto tu.