Meza ya Kimo cha Viggo

Walipovuka daraja la Oddesund mvua ilianza kupiga kioo, na Ragnhild Brøns akamwuliza mwanawe kama turubai limefungwa sawasawa. Troels akasema limefungwa. Nyuma yao, kwenye tela, meza ya kuandikia ya marehemu mumewe, Viggo, ililala chali ndani ya mablanketi, miguu juu kama ndama wa kutiwa dawa. Katika mji wa Lemvig Ragnhild hakuwa na mtu anayemjua. Alikuwa akihamia nyumba ya wazee ya huko kwa sababu ndiko kulikopatikana chumba.

Meza yenyewe haikuwa na makuu. Ubao wa mwaloni, miguu minne myembamba, droo mbili zisizo na vishikio. Unapenyeza kidole chini, unavuta. Viggo aliitengeneza ujanani kwa mtihani wake wa useremala, na kazi ya mtihani fundi haiuzi. Ragnhild aliolewa akaikuta. Tangu hapo, kila baridi ilipokwisha, aliisugua kwa maji moto na sabuni, akifuata nyuzi za mbao, hata ikapauka kama mfupa. Mchana alikuwa kiwandani akipasua samaki, jioni jikoni. Barua zote za nyumba ile Viggo aliziandikia pale. Zake Ragnhild aliziandika jikoni, kando ya maganda ya viazi.

Viggo alipozikwa, Ragnhild aliwamiminia watu kahawa kwa mkono wake, na majirani wakamsifu kwamba ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma. Alikuwa akiitafuta huzuni yake kama mtu anayepapasa miwani gizani, asiguse kitu.

Huko Lemvig mhudumu aitwaye Maiken aliwaambia chumba kinachukua meza moja tu, ya kwao au ya mle ndani. Walipoipitisha meza koridoni, mzee mmoja, Svenning, aliegemea kigari chake cha kutembelea akawatazama.

"Naona mkurugenzi amefika," alisema. "Haya bosi, mishahara yetu lini?"

"Hamna mshahara," Ragnhild akamjibu. "Nimeshaona mnavyofanya kazi."

Waliiweka chini ya dirisha. Maiken akavuta kiti, akamwambia akae ajaribu. Hapo ndipo Ragnhild alipotambua kwamba miaka yote ile hajawahi kuketi mbele yake. Akakaa. Ubao ukamfika kifuani, viwiko vikapanda karibu na mabega, kama mtoto aliyealikwa kula na wakubwa. Viggo alikuwa mrefu kama mlingoti, na meza aliitengeneza kwa kimo chake. Troels aliuliza kama kuna kiti kirefu zaidi. Maiken alikataa; mama angeanguka.

Basi Troels akachutama, akapima kwa vidole kwenye mguu wa meza.

"Nakata hapa tu, mama. Msumeno ninao kwenye gari. Angalau ubaki na kitu cha baba."

Ragnhild alipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, akingoja. Alidhani labda sasa kitu kitakuja. Kilichokuja ni harufu ya sabuni.

"Usiikate."

"Isipokatwa hutaweza kuitumia."

"Sitaitumia. Ichukue wewe, ndiwe uliyerithi miguu ya baba yako."

"Na wewe ubaki na nini?"

"Ile ya humu inatosha kuwekea kikombe."

Troels na Maiken waliirudisha meza nje, wakaizungushia tena mablanketi. Alipokuja kuaga alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, na Ragnhild akampigapiga mgongoni kama anayemtuliza mtoto wa mtu mwingine, akamwambia aendeshe taratibu, barabara ina maji.

Alisimama dirishani mpaka tela likapotea nyuma ya duka la mikate. Maiken akaingiza ile meza ya humo chumbani, akauliza kama chakula cha jioni angelia chumbani au ukumbini na wenzake. Ragnhild akasema popote.