Bi Pazia Agombana na Miti

Mtaa mzima ulimwita Bi Pazia, maana kila dirisha lilivaa kazi ya cherehani yake. Alikuwa mcheshi na mbishi wa kuzaliwa, asiyekosa wa kupiga naye soga. Aliyemnyima maneno ni binti yake mmoja tu, aliyekuwa mbali akisomea sheria na uchumi.

"Masomo yanaendaje, mwanangu?"

"Yanaenda vizuri, mama."

Kila mara simu ilikatwa hapo, na Bi Pazia akarudi kwenye cherehani yake. Alitamani wazungumze kama zamani, lakini angeanzia wapi? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akamwomba mpwa wake amwekee kwenye simu mihadhara ya sheria na uchumi. Nyumbani cherehani ilimeza sauti, kwa hiyo kila jioni alipanda njia ya msituni, spika ndogo zimejificha masikioni chini ya mtandio.

Tatizo, kusikiliza kimya hakuwezi.

"Nani kakwambia wauzaji wakizidi bei inashuka?" alimfokea profesa, huku akipiga shina kwa fimbo. "Njoo sokoni kwetu uone!"

Mchunga mbuzi aliyekuwa karibu hakumwona profesa. Alimwona mama mtu mzima akiukaripia mti. Akaenda kusimulia mtaani. Lisemwalo lipo, majirani wakasema, wakampigia binti simu, na wiki haikwisha akatokea mlangoni na begi, macho mekundu.

"Mama, wanasema unagombana na miti."

Bi Pazia alicheka hadi akakaa chini. "Miti imenikosea nini? Nagombana na walimu wako. Twende."

Msituni wakagawana spika, sikio moja moja. Profesa alikuwa akieleza kuwa ahadi ya bure haimfungi mtu.

"Muongo huyu. Nikiahidi, nimeahidi."

"Mama, sheria haiendi hivyo. Lazima na mwenzako awe ametoa kitu."

"Na wewe ulinipa nini nilipoahidi kukulea?"

Binti akamkonyeza. "Nilikupa usiku wa kukesha."

Wakacheka, kisha wakabishana upya, mpaka kileleni, mpaka spika zikawadondoka na profesa akabaki akihutubia majani. Bi Pazia alishindwa hoja mara kadhaa na hakumbuki siku aliyofurahi kuliko hiyo.

Wakishuka walimpita mchunga mbuzi, wote wawili wakirusha mikono na kusema kwa pamoja. Akawaswaga mbuzi wake haraka hadi mtaani.

"Maskini," akawaambia majirani, "na mtoto naye kaambukizwa."