Alichogonga Baba Kitandani

Mtu fulani huko Majengo aliupaka mtambo huu wa telegrafu rangi ya geti ili auuze kama mpya, mjinga yule. Nimeikwangua mpaka vidole vikachubuka. Leo nalehemu waya, na moshi wake mchungu ndio ule uliokaa kwenye koti la baba, aliyekuwa akituma telegramu posta na kujitengenezea mtambo ukiharibika.

Kila jioni aliketi kitandani kwangu, koti bado lina baridi ya nje, akagonga ubao wa kitanda kwa kidole, kama anayetuma telegramu.

"Baba, ati unasema nini?"

"Jifunze, utajua."

Nimejifunza, herufi zote. Sasa mtambo unalia vizuri kabisa. Nagonga "lala salama", nagonga jina langu, nagonga kila kitu ambacho baba angeweza kumwambia mtoto. Mdundo wa kidole chake nimeusahau.