Nilimtafsiria Shemeji Nusu ya Neno

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkanitafutia udhuru. Jina langu silitoi. Mji ni Garissa, kazi yangu udalali wa mifugo, na mdomo wangu huu ndio ulioniponza.

Kwetu mimi ndiye "Mswahili". Nimesoma, nimezunguka na malori ya mbuzi mpaka Pwani, kwa hiyo mtu wa familia akiitwa ofisini au akipelekwa hospitali, naenda naye nimsemee. Na sifa nazipenda, sikatai! Mama mkwe husema, "Huyu akifungua mdomo hata polisi wa barabarani wanatabasamu."

Shemeji, ndugu wa pekee wa mke wangu, alitoka kwao Rhamu kuja kututembelea. Mtu wa ngamia na mbuzi. Kiswahili chake ni "poa" tu, na hiyo anaitamka "boa". Lakini maji anayajua, maana mto wa Daua ukijaa yeye huvuka akiogelea. Nikamchukua twende Watamu kupeleka mbuzi kwa mteja wangu mwenye hoteli. Mteja akafurahi, akatuambia tupande boti na wageni wake, tukazamie na mitungi ya hewa tuone matumbawe.

"Warya, huko chini kuna nini?" Shemeji akaniuliza. Nikamwambia kuna samaki wana rangi kama mashuka ya harusi. "Basi twende!" Alifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Mwalimu wa kuzamia, mtu mpole wa pale pale, akatufundisha ufukweni. Akaeleza, akarudia, akaeleza tena. Kila akimaliza, mimi namgeuzia Shemeji kwa Kisomali. Jua kali, nguo ya mpira imenibana kitambi, na wageni wengine wameshavaa wanatutazama sisi tu. Nikaona aibu. Nikaanza kufupisha.

Mwalimu akasema, "Hii ndiyo sheria kubwa. Usizuie pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa. Ukiibana hewa kifuani halafu upande juu, inatanuka, mapafu yanapasuka."

"Amesema nini kirefu hivyo?" Shemeji akauliza.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kwa Kisomali pumzi ni neef. Na mnyama mmoja wa mfugo, awe mbuzi awe ngamia, naye ni neef. Nikaona hapa pana mzaha mtamu! Nikamwambia, "Anasema usipoteze neef hata moja."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Nachunga tangu sijaota meno ya pili, leo nifundishwe kuchunga?"

Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, "Umemwambia asizuie pumzi?"

"Nimemwambia. Ameelewa."

Uongo mtupu!

Tukashuka. Subhanallah, uzuri ule! Lakini sikuufaidi. Mapovu ya mwalimu yalikuwa yanapanda bila kukatika, na yangu pia. Nikageuka kumtazama Shemeji. Hakuna povu. Nikangoja. Hakuna. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka nyuma ya kioo. Halafu akaachia kapovu kamoja, akavuta, akafunga tena. Alikuwa anachunga pumzi, kama nilivyomwambia.

Na mwalimu alikuwa karibu kabisa! Ilitosha nimguse bega, nimwonyeshe. Wallahi nilinyoosha mkono. Kisha nikawaza ataniuliza, "Kwani ulimwambia nini?" Nikaurudisha. Nikajipa moyo kwamba tutapanda hivi karibuni, nitamweleza tukiwa kwenye boti, tutacheka.

Mara miwani ya Shemeji ikaingia maji. Akatapatapa, akapiga miguu, akakimbilia juu kama alivyozoea mtoni, mdomo ameubana. Mwalimu akamrukia, akamdaka mguu, akawa anampiga kifuani atoe hewa, anamwonyesha mapovu yake mwenyewe. Shemeji akazidi kubana! Akaponyoka. Mimi nimeganda pale chini, napumua vizuri kabisa.

Nilipoibuka, walikuwa wamemlaza kwenye boti. Povu jekundu linamtoka mdomoni, anahema kama mbuzi aliyenyongwa na kamba. Nikamshika kichwa, nikaanza kumsomea Yasin, aya zikanipotea. Yaa Rabbi, nitamwambia nini dada yake? Boti ilikimbia, ikakimbia, na nchi kavu haifiki.

Alipona, Alhamdulillahi, lakini ni kupona kwa kusema tu. Pafu lilipasuka, hospitalini wakamtoboa ubavu wakamtia mpira wa kutoa hewa. Alipoweza kunena, aliniambia, "Nilichunga kama yule mtu alivyosema. Mbona alinidanganya?"

Yule mtu! Si mimi! Nikamwekea mto vizuri.

Mwenye boti akamleta mwalimu mbele yangu. Mwalimu akaniambia, "Kaka, mbele ya Mungu, nilisema au sikusema?" Nikatazama chini. Nikasema, "Mimi nilitafsiri nilichosikia." Akafukuzwa kazi pale pale. Wala hakunitukana. Alinitazama, akachukua begi lake, akaenda zake.

Sasa Shemeji anakaa kwangu. Kufuata ngamia hawezi tena, hata kwenda msikitini anapumzika njiani. Mke wangu anamuuguza, na mimi ananishukuru! "Bila wewe kusema na wale madaktari, ndugu yangu angekufa." Akisema hivyo, namsogezea Shemeji sahani. Huyu mwanamke akijua, ndoa sina, na haki ya kulalamika pia sina.

Nimejaribu kusema, msidhani sijajaribu. Nakaa karibu na Shemeji, nafungua mdomo huu unaosifiwa, kinatoka nini? Bei ya mbuzi! Yule mwalimu nimeuliza habari zake kwa madereva wa malori, naambiwa alihama. Watoto wake wanakula nini, sijui.

Nyinyi mnaosoma, nawasihi. Ukifanywa ulimi wa mtu, awe mama yako kwa daktari au mzee mbele ya hakimu, sema yote. Usifupishe! Usichekeshe! Neno hulijui? Sema hulijui, aibu yake ni ya dakika moja. Na ukikosea, lisahihishe saa hiyo hiyo, maana mimi nilichelewa majini, nikachelewa hospitalini, na mpaka leo ninapoandika haya bado nachelewa.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri Shemeji anaegemea ukuta, anainua mikono, na sisi wote nyumbani tunainua yetu. Anamwombea mama yake, watoto wangu, mifugo, mvua. Mwisho sauti inamkatika, anamalizia kwa shida, "Ya Rabbi, aliyenipa neno la uongo, mlipe Wewe." Wote wanaitikia. Nikichelewa kidogo mke wangu ananigeukia kunitazama, basi na mimi nasema amin.