Upepo Nilioutunga Mezani

Mwaka 1991 wanawake wa Kagugu, pembeni mwa Kigali, waliniita mzungu wa upepo, ingawa mimi ni mtu wa Bukavu, mweusi tii. Kila asubuhi nilipanda kilima chao kusoma kisanduku cha namba kilichofungwa kwenye mlingoti wa chuma. Juu ya mlingoti vikombe vitatu vilizungushwa na upepo, na kisanduku kikajumlisha mizunguko, siku juu ya siku. Mhandisi aliyeniajiri alitaka kujua kama mitambo ya upepo, ikisaidiwa na paneli za jua, ingeweza kuipa Kigali nzima umeme. Jua halikumtia shaka. Mashaka yote yalikuwa kwenye upepo.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na askari wakaweka kizuizi njiani kwangu. Mgeni mwenye mlingoti kilimani na daftari lililojaa namba, nani asingemdhania mpelelezi? Niliogopa, wala sioni haya kusema. Siku mbili mfululizo sikutoka nyumbani. Nilikaa mezani nikajitungia namba, na kwa kuwa mhandisi aliupenda upepo, sikuwa na mkono wa birika.

Siku ya tatu nikajikaza kwenda. Kizuizini, sajini mmoja wa Gisenyi akaninyang'anya daftari.

"Hii namba iko ya nini?"

"Ya upepo, shefu."

"Upepo iko na namba? Unapelekea nani?"

Nikamweleza habari za kisanduku, kwamba namba yake hupanda tu, hairudi nyuma.

"Basi twende. Namba ya kule ikapita kidogo hii ya jana, unaenda kwako. Isipopita, wewe uko mtu wa vita."

Hapo ndipo nilipokumbuka meza yangu. Tukapanda, yeye nyuma yangu na bunduki, mimi roho mkononi. Nilimwomba Mungu upepo wa siku mbili zilizopita uwe umevuma kwa kichaa, uupite uongo wangu. Niliitazama migomba ya watu. Hakuna jani lililotikisika.

Sajini akainama, akasoma taratibu, tarakimu moja moja. Namba ya kisanduku ilikuwa ndogo kuliko ya daftari.

"Upepo ilirudi nyuma?"

Sikuwa na uongo mwingine.

"Shefu, juzi na jana sikuja. Niliandika nyumbani. Niliwaogopa ninyi."

"Sisi?"

"Ninyi."

Alinitazama hadi nikaanza kuwawaza watoto wangu. Kisha akanirudishia daftari.

"Futa hiyo. Andika ya kweli. Na kesho nitasoma mimi."

Tangu siku hiyo sikukosa hata asubuhi moja. Yeye alisoma, mimi nikaandika, na kila nilipomgeuzia mgongo kushuka, mwili ulinisisimka.

Kazi ilipokwisha, mhandisi alipitia daftari lote huku akitikisa kichwa. Upepo wa Kagugu haukutosha hata kidogo. Akasimama kwenye mistari miwili iliyokatwa, akaipigia hesabu, akaigonga kwa kalamu.

"Kwa nini umezifuta hizi?" akauliza kwa masikitiko. "Siku zote zingekuwa kama hizi mbili, tungeiwasha Kigali nzima."