Maksai Waliosubiri Mluzi

Rubeni wa Ringwani hajawahi kumchapa ng'ombe, na wala si kwa sababu ya huruma. Ni uvivu, mwenyewe anakiri. Wenzake wakilima kwa plau wanakwenda watatu: mmoja mbele anavuta kamba, mmoja pembeni na fimbo, mmoja nyuma ameshika plau na kupiga kelele mpaka sauti inakauka kabla ya saa nne. Yeye analima peke yake. Anashika plau, anabana midomo, anapiga mluzi. Mluzi mrefu, maksai wanaondoka. Mifupi miwili, wanageuka mwisho wa shamba. Ule unaoshuka polepole, wanasimama na kuanza kucheua kama watu waliomaliza kikao.

Maksai wenyewe ni wawili. Mwekundu anaitwa Diwani, kwa kuwa anatembea kifua mbele na hapendi kuharakishwa. Mweusi ni Bwana Shamba. Huyo kila akipita kwenye mahindi ya mtu lazima asimame kuyakagua. Rubeni aliwafundisha kwa miaka miwili, chumvi mkononi na mluzi mdomoni, baada ya mke wake kufariki na nyumba kuwa kimya kupita kiasi. Binti yake Gloria alikuwa mjini Mugumu akijifunza ushonaji, hakuwa na wa kuongea naye, basi akaongea na ng'ombe. Majirani walicheka. Walipoona anamaliza eka kabla yao, wakaacha.

Sasa, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, kwaya ya akina mama kutoka Robanda ilikuja Ringwani kwa kongamano la kanisa. Mmoja wao alikuwa Agustina, mjane, mpishi kwenye kambi ya watalii, mwanamke wa maneno machache. Gari lao lilipata pancha njiani, wakashuka. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mtu analima, mdogo kwa umbali, hana fimbo, hana msaidizi, mluzi wake tu ndio unawafikia pale barabarani. Agustina alisimama akasikiliza mpaka tairi likafungwa. Kwao hawakuzaliwa watoto wa kiume, kwa hiyo alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka siku anaolewa, na alijua mluzi kama ule umegharimu asubuhi ngapi. Alipofika kanisani aliuliza yule ni nani. Kongamano lilipokwisha alikuwa na namba ya simu.

Naomba hapo pakumbukwe. Mwanamke huyu hakuwa ameuona uso wa Rubeni hata kidogo. Na kwenye simu ya kwanza alimwambia wazi: "Mimi ni yule niliyekusikia ukilima." Lakini mtu akishaanza kupendwa uzeeni, masikio huwa yanaziba, sijui kwa nini. Rubeni aliona ni maneno ya kufungulia mazungumzo tu.

Waliongea miezi miwili. Yeye akimwita Mama Joel, naye akiitwa Baba Gloria, heshima kwa heshima. Ndipo Agustina akaomba picha, maana dada yake mkubwa, Scholastica, alikuwa anamsumbua anataka kujua anaongea na nani. Gloria, ambaye kwa wakati huo amerudi nyumbani na cherehani yake, akampiga baba yake picha kwa simu. Simu ya Gloria ni ile inayomlainisha kila anayesimama mbele yake. Hata kuku ukimpiga picha anatoka ameoga. Rubeni alitokea na ngozi ya kijana wa kidato cha nne, picha ikatumwa, na jibu likarudi: "Kumbe bado kijana hivi, Baba Gloria."

Rubeni alifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha akaenda kuchukua kioo cha kunyolea, akakaa nacho mlangoni penye mwanga. Ana miaka hamsini na saba. Paji la uso halikuwa baya, mashavu yanavumilika, lakini kuizunguka midomo kulikuwa na mikunjo mingi imesimama wima, kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Ni lazima iwepo. Mtu aliyebana midomo kila siku ya kulima, mwaka hata mwaka, angetegemea nini? Yeye hakulifikiria hilo. Aliona aibu tu, na hofu: Agustina atakuja kumwona mwezi wa pili, mvua za kwanza za masika zikinyesha, na atamkuta babu.

Rafiki yake Anold ndiye aliyemtia ujinga kichwani. Anold aliwahi kufanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu Nyakunguru, na alikuwa na habari ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu wa makamo, aliyekwenda Sirari, mpakani, akachomwa sindano usoni akarudi kama bwana harusi. Rubeni alijifanya hasikilizi. Wiki iliyofuata akauza beberu, akamwambia Gloria anakwenda mpakani kutafuta jembe la plau, akapanda basi la asubuhi.

Fundi wa uso aliitwa Method. Alikuwa na chumba nyuma ya saluni, koti jeupe, na kiti cha kulala kilichofungwa kwa nailoni. Alimshika Rubeni kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Hapa kwa mdomo ndiyo shida, mzee wangu. Hii mistari yote tunalaza. Ni kitu ya dakika tano."

"Inauma?"

"Kidogo tu. Utatoka hapa hata mtoto wako akuulize wewe nani."

Kuna jambo linanikera kila nikilikumbuka. Huyu ni Rubeni yule yule ambaye daktari wa mifugo akija na chanjo humnyang'anya chupa, akaisoma mbele na nyuma, akauliza imetunzwa wapi, tarehe ya kuisha ni ipi, na mfugaji gani mwingine ameitumia. Diwani hajawahi kuchomwa kitu ambacho Rubeni hakijui. Lakini kwa mdomo wake mwenyewe alifumba macho na kusema haya, choma. Akachomwa mara sita, juu na chini. Njiani akanunua jembe la plau ili safari iwe na ushahidi.

Siku ya tatu mikunjo ilianza kulala, na Rubeni akajiangalia kwenye kioo mpaka Gloria akaanza kumtilia shaka. Siku ya tano chai ilimmwagikia kifuani. Alidhani ni kikombe. Uji ulipofanya hivyo hivyo, akajua si kikombe. Jioni ile alikwenda zizini, akabana midomo kama siku zote, akapuliza.

Ikatoka hewa. Hewa na mate.

Akarudia, akarudia tena. Diwani alikuwa ameinua masikio, anasubiri. Rubeni aliogopa kweli kweli, akamwita Gloria, akaketi juu ya nira na kumweleza kila kitu, tangu beberu mpaka Method. Gloria hakumfokea. Alicheka, akaona baba yake hacheki, akampeleka zahanati.

Muuguzi Felista alimpa maji anywe, akamwambia apulize, avimbishe mashavu, atabasamu. Kutabasamu kulitoka nusu.

"Tata, chupa ilikuwa imeandikwa nini?" aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Sikuiangalia."

"Jina la dawa alikutajia?"

"Hapana."

Felista aliweka kalamu chini. "Kuna dawa ya aina hiyo, inalegeza misuli ili ngozi ilale. Kama ndiyo uliyopewa, itaisha nguvu yenyewe, miezi mitatu, minne. Hakuna cha kuiondoa, ni kusubiri. Kama si hiyo, mimi sijui una nini usoni, na aliyekuchoma labda naye hajui. Ukiona kumeza kunakuwa kugumu, au pumzi, usingoje kesho."

Akarudi nyumbani na miezi minne mgongoni. Wiki hiyo hiyo mzee Wiliam, jirani yao, alifariki, na Rubeni aliyempenda sana yule mzee akasimama kaburini analia kwa macho huku mdomo wake umetulia, upande mmoja umepanda kidogo. Watu waliona anatabasamu. Ndugu wa marehemu walimtazama mpaka akarudi nyuma ya umati, na ile safari ya kurudi nyuma ndiyo iliyomuuma kuliko sindano.

Angeweza kumpigia Agustina na kuahirisha. Gloria alimwambia afanye hivyo. Lakini bado alikuwa na tumaini la kijinga kwamba mwanamke anakuja kuona uso, na uso si upo? Hauna kunyanzi hata moja.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Jumamosi yake Agustina akaja pamoja na dada yake. Gloria alichinja kuku. Rubeni akavaa shati jipya, akatoka uani.

"Shikamoo dada," alimwambia Scholastica, midomo ikimpa shida.

"Marahaba." Scholastica alimpima kwa macho juu mpaka chini. "Ni kweli, bado kijana."

Agustina hakusema hivyo. Alimtazama Rubeni kama mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Walikula, wakaongea habari za tembo walioingia mashamba ya Robanda, na kila Rubeni alipokunywa maji aligeukia ukutani ajifute. Chakula kilipoondolewa, Agustina akasema kwa upole, "Baba Gloria, ardhi imelowa vizuri. Nenda ulime kidogo, nisikie."

Angekataa vipi? Akawafunga maksai nira, akaingia shambani, akashika plau. Wanawake watatu wakasimama ukingoni. Akabana midomo kwa nguvu zake zote, hata shingo ikatoka mishipa, akapuliza. Hewa. Akatia vidole mdomoni, akapuliza. Mate. Diwani na Bwana Shamba hawakusogea hata hatua. Waligeuza vichwa, wote wawili, wakamwangalia.

Anold alikuwa anapita njiani na fimbo yake. Kwa nia njema kabisa aliingia shambani akamchapa Diwani mgongoni. Diwani, ambaye katika maisha yake hakuwa amechapwa, aliruka, akamvuta mwenzake, na plau likaenda upande hadi kwenye mihogo.

"Mwache ng'ombe," alisema Agustina. Alivua viatu, akaja mpaka kwenye plau. "Una nini?"

Rubeni alimwambia. Hakuficha kitu. Hata kuchomwa mara sita alikutaja.

"Kwa ajili gani?"

"Uliandika mimi bado kijana."

"Niliandika kwa adabu. Picha ilikuwa kama ya mwanao, ulitaka niandike nini?" Akaangalia maksai, na alipoongea tena hakuwa na hasira, ila huzuni. "Mimi nilikuja kwa mtu niliyemsikia. Huyu simjui, Baba Gloria."

Wakaondoka na gari la mchana. Kuku alibaki nusu.

Msimu ule Rubeni alilima kama watu wengine. Anold alikuja na fimbo, Gloria akaacha cherehani akashika kamba mbele, na yeye nyuma akakaza sauti. Eka mbili hazikulimwa. Kila fimbo iliposhuka alitazama pembeni. Jioni alikaa peke yake akipuliza hewa, akapuliza na kupuliza, mpaka Gloria akazoea sauti ile kama watu wanavyozoea mlango mbovu.

Mwezi wa tano chai iliacha kumwagika. Mwezi wa sita, asubuhi moja anafungua zizi, ikatoka. Haikuwa nzuri, ilikuwa nyembamba na inatetemeka, lakini ilikuwa mluzi. Aliingia ndani kutafuta kioo, na pale kuizunguka midomo mikunjo ilikuwa imerudi yote, wima, hakuna iliyokosekana. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuifurahia namna ile.

Bwana Shamba alitii siku hiyo hiyo. Diwani alikuwa amejifunza jambo jingine. Akisikia mluzi, kwanza anarusha mgongo na kutazama pembeni, kuona kama Anold yupo, ndipo anaondoka. Mpaka leo anafanya hivyo, na Rubeni akimwona anakosa raha.

Aliacha wiki mbili zipite, anafanya mazoezi. Halafu, asubuhi anayojua kambini chai ya wageni imekwisha, akapiga simu Robanda akiwa amesimama zizini.

"Mama Joel, usiseme kitu kwanza."

Akaiweka simu mbele ya midomo, akapiga ule mrefu. Nyuma yake Bwana Shamba akaanza kwenda mlangoni, bila nira, bila plau.

"Kuna mahali panavuja," alisema Agustina.

"Ni kushoto. Bado pamelala kidogo."

"Rudia."

Akarudia. Alirudia vizuri zaidi, ule mrefu, ile mifupi miwili, na ule unaoshuka.

"Mnaanza lini kulima mvua za vuli?"

"Mwezi wa tisa, Mungu akijalia."

"Nitakuja kusikiliza," Agustina akasema. "Na usinitumie picha."

Rubeni akacheka, na uso wote ukakunjika.