Chokaa Niliyoitia Kwenye Mapipa ya Mkonge

Hasira yangu kubwa ni juu ya mkono wangu mwenyewe. Miaka ya hamsini nilikuwa msaidizi wa fundi mkuu, Mzungu, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pongwe. Bwana yule alitaka kutengeneza spiriti ya kuendeshea injini ya pampu. Tulichemsha vichwa vya mikonge iliyozeeka, tukakamua maji yake, tukajaza mapipa matatu. Ilibaki chachu tu.

Chachu alikuwa nayo mama yangu. Alikuwa Mshambaa, na dengelua yake, pombe ya miwa, ilisifika kambi nzima, ingawa pombe ilikatazwa na askari walikuwa wakimvunjia mitungi. Bwana akaahidi: injini ikiwaka, mama atapika pombe bila kubughudhiwa. Mama akatoa machicha ya dengelua yake, ndiyo yenye chachu, kwa furaha.

Niliambiwa nitie chokaa, kijiko kimoja kila pipa, ipunguze ukali wa maji yale na kuipa chachu nguvu. Nikatia, nikaonja: bado makali. Sasa mimi nimelelewa na watu wanaotia magadi kwenye maharage kwa kukisia. Kijiko cha nini? Nikachota kwa kopo, nikaonja, nikachota tena, mpaka ukali ukakatika kabisa. Nikajiona fundi!

Siku ya kwanza povu lilipanda kidogo. Ya pili likalala. Ya tatu, kimya. Nikakoroga, nikapasha moto, nikamwomba mama machicha mengine, nikayatia mle mle. Wapi! Nilitamani kuyapiga mapipa mateke. Bwana naye alizunguka akigomba, mwisho akasema chachu ile ni uchafu mtupu, na mwenye chachu aitwe.

Mama alikuja, akamwamkia, akazamisha mkono hadi chini ya pipa. Ukatoka na tope jeupe la chokaa. Akanitazama.

"Mwanangu, umetia kiasi gani?" aliniuliza kwa Kishambaa.

Nikalisukuma kopo la chokaa nyuma ya pipa kwa mguu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko chokaa yenyewe.

"Anasemaje?" bwana akauliza.

Mama akafuta mkono kwenye kanga. "Nasema chachu yangu mbovu, bwana. Ilikuwa ya zamani."

Nikabaki kazini. Jumamosi ile askari walikuja kwetu kuvunja mitungi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasogea kando, wakapita ndani.